Naomba ushauri: Ampeg ya zamani au mpya iliyotoka baada ya Yamaha kuinunua?

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Kwaya yetu inatafuta amplifaya ya gitaa la besi, na kamati inasubiri neno langu.

Tumepata Ampeg ya mtumba, ya enzi za kabla Yamaha haijainunua Ampeg mwaka 2018. Ni nzito, inabebwa na watu wawili, ila mlio wake unagusa kifua. Tatizo, nyuma imeandikwa volti 120, hezi 60 (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), kwa hiyo itahitaji transfoma ya kushusha umeme wetu wa 230.

Nyingine ni Ampeg mpya ya dukani, nyepesi kabisa. Hapo ndipo nasita, maana majina ya amplifaya tunayoyaheshimu yanabadilisha wenyewe kila kukicha: Mesa/Boogie ilikwenda Gibson mwaka 2021, Marshall ikachukuliwa na Zound ya Sweden 2023. Sisemi kila ununuzi ni balaa, lakini CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, walipoinunua Fender mwaka 1965, wapigaji walilalamikia ubora miaka na miaka, hadi ilipouzwa tena 1985.

Zote nimezijaribu kwa gitaa letu. Fundi wetu ameifungua ile ya zamani, anasema vipuri vyake anaweza kuvibadilisha mwenyewe kwa kuchomelea. Ile mpya duka limekataa ifunguliwe.

Naomba kujua: amplifaya ya hezi 60 ikitumika kwenye hezi 50 zetu ibada nzima, haitachemka kupita kiasi? Na aliyenunua Ampeg baada ya 2018 ikamharibikia hapa nchini, vipuri alivipata wapi?