Naomba ushauri: mama ana sukari, anakula halali tu, na ndege ya kurudi kutoka Toronto ni ya usiku

BintiMpendae:
Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie nipo Unguja, Mpendae. Mwezi ujao inshaallah nnakwenda na mama yangu Toronto kwa kaka, kumwona mjukuu. Kwenda hakunitii wasiwasi sana, Atlantiki tunaivuka mchana. Kurudi ndiko kunakoninyima usingizi. Tunaondoka Toronto saa tatu usiku, tunatua London saa tatu asubuhi, halafu tunaunganisha mpaka nyumbani.

Mama ana miaka 68. Ana sukari, anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, na miguu inamvimba akikaa muda mrefu. Miaka miwili nyuma alisafiri njia hiyo hiyo peke yake. Tulimwagizia chakula cha Kiislamu kupitia wakala, tukaambiwa kila kitu sawa. Ndani ya ndege aliposikia harufu ya chakula na kuona vigari vinakuja, akajichoma sindano yake kama anavyofanya nyumbani. Trei ilipofika kwake, chakula chake hakipo, wala hayumo kwenye orodha. Kilichobaki ni nyama asiyoijua. Akala kijimkate kimoja na vipande vitatu vya tikiti. Haijapita muda mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka mpaka mtandio ukarowa. Kipimo chake kikasoma 3.1, yaani sukari imeshuka mno. Mama mmoja wa Kisomali aliyekaa pembeni yake ndiye aliyempigia mhudumu kengele, akaletewa juisi ya machungwa. Mungu amlipe kheri mama yule, hata jina lake hatulijui.

Sasa safari hii fomu ya tiketi inaniruhusu kuchagua chakula kimoja tu kwa kila abiria: cha Kiislamu au cha mwenye sukari. Nichague kipi? Na kaka anataka kutuongezea fedha tukae daraja la kati, lile la primiamu ekonomi. Mie naona uzito kumtia gharama. Kweli inafaa, au ni jina tu?

Kasikazi:
Wa alaykumu salaam. Pole sana kwa yaliyomfika mama. Chagua cha sukari, nyama akiiona asiile, ale mboga na mkate. Sukari ndiyo yenye khatari zaidi.

MtuWaWete:
Mie naona aagize cha samaki. Kwetu Pemba samaki ndio chakula, na hapo hana shida ya kuchinjwa.

Muuguzi_Kwahani:
Kasikazi, MtuWaWete, nawaheshimu lakini nipingane nanyi. Chakula cha mwenye sukari hakina dhamana ya kuwa halali. Chenyewe kinaangalia sukari na mafuta tu, nyama inaweza kutoka popote. Cha samaki nacho, mchuzi wake unaweza kuwa umetiwa mvinyo. Mama atafungua kifuniko, atatia shaka, hatakula. Na mtu aliyechoma insulini kisha asile ndiye anayeanguka.

Dada yangu BintiMpendae, agiza cha Kiislamu. Katika mfumo wa mashirika ya ndege kinaandikwa MOML, cha sukari ni DBML. Zijue herufi hizo kwa sababu ndizo utakazomtajia mtu wa simu. Trei ya Kiislamu ikija na wali mwingi au kitu kitamu, mama anajua mwenyewe kiasi chake: ale nyama na mboga, wali nusu, kile kitamu akuachie wewe.

Lakini nililotaka kukwambia khasa ni hili. Asichome sindano mpaka trei iwe imekaa mbele yake, kifuniko kimefunguliwa, na amehakikisha anaweza kukila. Harufu haitoshi. Kigari kikiwa mstari wa mbele yake bado haitoshi, kwa sababu ndege ikianza kutikisika wahudumu wanaamriwa kukaa, na chakula kinaweza kusita nusu saa nzima.

Kuna na jambo la saa, na hili wengi hawalifikirii. Mnatua London saa tatu asubuhi, mama ataona jua limetoka, atasema nichome ya asubuhi. Lakini kwa saa za Toronto hapo ni saa kumi usiku. Ikiwa ile ya jioni aliichoma ndani ya ndege saa nne, basi ni sindano mbili ndani ya saa sita, badala ya kumi na mbili alizozoea. Mwende kwa daktari wake kabla ya safari, si wiki ile ya mwisho, mchukue ratiba ya ndege mkononi, awapangie dozi ya usiku ule na ya asubuhi yake. Mimi siwezi kukupa hesabu hiyo hapa, haifai. Na hapo hapo aandike barua kwa Kiingereza kwamba mgonjwa anabeba insulini na sindano.

Insulini yote iwe begi la mkononi. Kwenye mzigo wa chini inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka.

BintiMpendae:
Allah akujaze kheri. Hiyo hesabu ya saa sita imenishtua, mie mwenyewe ningemwambia achome. Keshokutwa ana kliniki Mnazi Mmoja, nitakwenda naye na ratiba.

Mzee_Malindi:
Mwanangu, nami nikwambie kuhusu kiti, kwa kuwa nina wanangu kule na nimeshakaa madaraja yote mawili.

Usitarajie kitanda. Ni kiti kipana kidogo, kinalala nyuma zaidi, na kutoka kiti mpaka kiti cha mbele yake ni inchi 38 hivi, wakati ekonomi ni 31 au 32. Chini kuna kiegemeo cha miguu. Kwa kijana ni raha ndogo, kwa mama mwenye miguu ya kuvimba ni kitu kikubwa. Faida yenyewe mie naiona kwenye mpangilio. Katika Boeing 787, ekonomi wanakaa watatu, watatu, watatu. Daraja la kati ni wawili, watatu, wawili. Mkichukua vile viwili vya ubavuni, mama anakaa upande wa njia, wewe dirishani, hana haja ya kumwamsha mtu akitaka kwenda msalani au kunyoosha miguu.

Ila msichukue mstari wa mbele kabisa hata mkiona una nafasi nzuri. Pale hakuna kiti mbele yenu cha kuweka begi chini yake, kwa hiyo mabegi yote yanapandishwa juu wakati wa kuruka na kutua. Insulini, kipimo na tende zake zitakuwa juu, naye amefungwa mkanda. Chukua mstari wa pili au wa tatu.

Jengine, usiku wa njia hiyo ni mfupi. Ndege inakwenda kama saa saba. Chakula kinakuja baada ya saa moja hivi, kinaondolewa, taa zinazimwa, na kabla hamjatua zinawashwa tena kwa kifungua kinywa. Usingizi wenyewe ni saa nne, mkijaaliwa. Alfajiri nayo inakuja upesi kwa kuwa mnaikimbilia, basi mama akiwa na nia ya kusali asilale bila ya wewe kuweka saa.

Kasikazi:
Mzee shikamoo. Muuguzi nimekuelewa, nakubali nilikosea. Lakini fedha za daraja hilo bado naziona nyingi kwa saa saba. Bora wazitumie kulala London usiku mmoja.

Mzee_Malindi:
Marahaba. Kulala London kunataka hoteli, na mama kuburura mabegi. Kwa huyu mgonjwa sishauri. Ila ni kweli kwamba walipie kipande cha Atlantiki tu. Baadhi ya ndege zinazotua kwetu hazina daraja hilo kabisa, Qatar Airways na Ethiopian kwa mfano, kwa hiyo aangalie tiketi kipande kwa kipande ajue analipia wapi.

ShangaziChakeChake:
Omba na kiti cha magurudumu, bibie. Ni bure, lakini kiombwe mapema, siku mbili kabla au zaidi. Sema wazi kwamba anatembea lakini ngazi na masafa marefu hawezi. London kutoka mlango mpaka mlango ni mwendo.

Na kaka yako awapikie kitu cha kubeba. Chapati mbili, mayai ya kuchemsha, korosho. Vyakula vikavu vinapita kwenye ukaguzi. Mayai myale humo humo ndani ya ndege, msishuke nayo.

Muuguzi_Kwahani:
Hilo la shangazi ni muhimu. Niongeze: korosho hazipandishi sukari upesi. Mkono ukianza kutetemeka anataka juisi, au soda ya kawaida isiyokuwa ya dayati, au vidonge vya glukosi, apimwe tena baada ya dakika 15, ndipo ale chapati.

MtuWaWete:
Tiketi yenu nani ameiuza na nani anairusha? Mara nyingi ni mashirika mawili tofauti. Ombi la chakula linatakiwa lionekane kwa yule mwenye ndege, si kwa aliyeuza. Mpigie huyo, umpe namba ya buking, umwambie akusomee kilichoandikwa.

BintiMpendae:
Ndugu zangu narudi na habari. Nimepiga leo asubuhi, nimengoja karibu dakika arubaini. Nikamwambia yule dada anisomee MOML kipande kwa kipande kama MtuWaWete alivyosema. Kwenda ipo, kwa mama na kwangu. Toronto kuja London, hakuna. Akatafuta tena, hakuna. Wakala aliandika upande wa kwenda tu. Kumbe ndiyo lile lile lililomfika mama.

Ameiandika mbele yangu na baruapepe imekuja, nimeichapisha. Ameniambia nihakikishe tena ikibaki zaidi ya saa 24 kabla ya safari, na tukibadilisha viti tumwambie mhudumu kwa sababu trei inafuata namba ya kiti. Viti ni 22A na 22C, viwili vya ubavuni, mstari wa pili wa daraja la kati, kaka kashalipa.

Mama nimemsomea uzi wote. Lile la sindano amelirudia mwenyewe mara mbili, kisha akaniuliza kama mama wa Kisomali naye atakuwemo.