Nimemkataa mteja mmoja, mdogo wangu akamkataa mwingine. Tuko sawa?

Yaya wa Tisheti (Lubumbashi, Kongo, komini ya Kenya)
Bandugu, nisaidieni. Nachapa tisheti hapa komini ya Kenya, mashine moja ya moto, mimi na mdogo wangu. Wiki jana kijana alileta oda ya tisheti 40 za kuvaa uwanjani, avansi ya dola 60 mkononi. Nikafungua karatasi yake: neno la katikati, kwa herufi kubwa, ni "bilulu", yaani wadudu. Mtu mzima yeyote wa Katanga anajua walioitwa hivyo ni Wakasai, watu wa Kasai, walipofukuzwa huku kwetu. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka tisa, Likasi. Jirani yetu Mkasai, mama aliyenishonea unifomu ya shule, alilala stesheni ya treni na watoto wake majuma mazima, wakingoja behewa. Tulikuwa tunampelekea uji. Cherehani yake aliifunga kwa shuka la mtoto, akaikalia isiibiwe. Nikamrudishia kijana karatasi na pesa yake.

Juzi sikuwepo, akaja mama mwenye nganda (baa) hapo nyuma. Alitaka tisheti tatu za siku ya kuzaliwa ya binti yake, picha na jina, basi. Mdogo wangu ameokoka. Akamwambia hatupokei pesa ya pombe. Nilipomgombeza akasema: "Yaya, wewe ulimkataa wako kwa dhamiri yako, na mimi wangu kwa dhamiri yangu." Sikuwa na la kumjibu.

Papa wa Kamalondo
Mama, ile oda ya kwanza ingekutia matatani. Amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Nayo Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani kwa dini, asili, hali yake ya kijamii au kabila. Kijana yule hukuuliza kabila lake. Ulikataa neno.

Fundi Muadventista
Mimi namtetea mdogo. Duka ni lenu. Jumamosi sifungui karakana yangu, na hakuna aliyewahi kunishitaki.

Papa wa Kamalondo
Ndugu, Jumamosi unawafungia wote. Ungemfungia mmoja tu, tungeongea mengine. Kule Belfast kuna waoka keki walioombwa mwaka 2014 keki yenye maandishi ya kuunga mkono ndoa za watu wa jinsia moja. Walikataa, wakashitakiwa. Mwaka 2018 majaji watano wa Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza wakawapa haki kwa kauli moja: walichokataa ni ujumbe, kwa mteja mwingine yeyote wangekataa vilevile. Sasa mdogo wako ajiulize: picha ya mtoto yuleyule ingeletwa na shemasi wa kanisa lake, angeikataa?

Yaya wa Tisheti
Papa, aksanti sana. Swali hilo nimemuuliza asubuhi hii, neno kwa neno. Alinyamaza, akaendelea kukunja tisheti. Dhamiri yake naiheshimu: siku wakileta oda ya tangazo la bia, nitachapa mwenyewe na yeye apumzike. Ila mama yule alisimama mlangoni kwetu, picha ya binti yake mkononi, akarudishwa kwa sababu ya kazi inayomlipia mtoto shule. Hilo linaniuma. Nimempigia simu kuomba radhi. Anakuja Alhamisi.