Je, wastani wa unyevu wa udongo unatosha kukadiria uvukizaji wa eneo kubwa?

Mleta mada:
Ndugu wanajamvi, ninakadiria uvukizaji, yaani maji yanayopanda hewani kama mvuke kutoka udongoni na kwenye mimea, kwa vipimo vya SMAP, satelaiti ya kupima unyevu wa udongo iliyorushwa mwaka 2015. Kipimo chake kimoja hujumuisha eneo lenye upana wa takriban kilomita 40, ambamo mna mabonde yaliyolowa na miinuko iliyokauka. Nikitegemea wastani wa unyevu pekee, nitapotoka kwa kiasi gani?

Mchangiaji wa kwanza:
Unaweza kupotoka sana, na mara nyingi kwa kuzidisha. Udongo ukishuka hadi kiwango cha mnyauko, mizizi haiwezi tena kuvuta maji. Juu ya hapo uvukizaji hupanda kadiri udongo unavyolowa, hadi ufike kikomo ambapo maji ni tele na kinachoamua ni nguvu ya jua na hali ya hewa. Tuchukue mfano wa kubuni: mnyauko uwe asilimia 10, kikomo asilimia 30, na uvukizaji wa juu kabisa milimita 5 kwa siku. Nusu ya eneo ikiwa na unyevu wa asilimia 10 na nusu nyingine asilimia 40, ya kwanza haitoi kitu na ya pili inatoa milimita 5, hivyo eneo zima linatoa milimita 2.5. Wastani wa asilimia 25 utakupa milimita 3.75. Maji ya bondeni yaliyopita kikomo hayaongezi mvuke wowote, lakini hesabu ya wastani huyapandisha mlimani kana kwamba mimea ya huko imeyanywa.

Mchangiaji wa pili:
Naafiki, ila mfano huo unachukulia kwamba hewa ni ileile kila mahali. Kuvukiza kilo moja ya maji huhitaji takriban megajuli 2.45, penye ukavu nishati hiyo hupasha hewa joto, na upepo ukiifikisha hewa hiyo bondeni, uvukizaji wa huko huongezeka. Vipande vidogo vilivyochanganyikana hufidia hivyo sehemu ya upungufu wa mvuke wa penye ukavu. Vipande vyenye upana wa makumi ya kilomita hufidia kidogo, kwa kuwa athari hiyo hupungua kadiri unavyoondoka ukingoni.

Mleta mada:
Nashukuruni sana. Basi niligawe eneo kwa mabonde na miinuko kabla ya kukokotoa?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndiyo, kokotoa uvukizaji wa kila sehemu kwanza, ndipo utafute wastani. Kumbuka pia kwamba SMAP huhisi takriban sentimita 5 za juu tu, ilhali miti hunywa kutoka chini zaidi. Mwinuko wenye miti unaweza kuonekana mkavu huku ukiendelea kutoa mvuke.