Kumtafuta seremala Mgoa aliyefika Tanga enzi za Wajerumani

Mjukuu wa Ngamiani

Ndugu zangu, naomba mwongozo. Baba wa babu yangu alikuwa seremala Mgoa, yaani mtu wa Goa kule India, Mkatoliki, aliyefanya kazi kwenye karakana ya reli hapa Tanga kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akaoa mwanamke wa Kibondei na kuhamia Ngamiani, ambako alijulikana kwa jina la Fundi Yohana hadi alipofariki. Kuhusu jina la ukoo, shangazi husema Fernandes na baba mdogo husema Ferrao. Kilichobaki nyumbani ni randa yake ya mbao, iliyogongwa herufi J.F. kwenye uso wa mbele. Shangazi ni mtu mzima sana, nami natamani alijue jina la babu yake angali hai. Nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

Mwanangu, usianze na jina la ukoo. Anza na dini yake, kwa kuwa ndiyo itakayokuonesha kitabu cha kufungua. Nenda parokiani ukaombe kitabu cha ndoa kabla ya kile cha ubatizo wa watoto, maana padri alipaswa kuhakikisha kwamba bwana harusi amebatizwa na hana mke kwingine, na hivyo mara nyingi aliandika majina ya wazazi wake pamoja na parokia alikotoka. Tena tangu mwaka 1908 kanuni ya Kanisa iliagiza taarifa ya ndoa ipelekwe kwenye parokia ya ubatizo, ikaandikwe kando ya jina la mhusika. Kwa hiyo huenda kule Goa, pembeni mwa jina lake, limeandikwa neno Tanga. Vitabu hivyo ni vya Kilatini, basi tafuta Joannes, si Yohana. Kumbuka pia kwamba Tanga ilikuwa chini ya Vikarieti (jimbo la kimisheni la Kanisa) ya Bagamoyo, kisha ya Kilimanjaro kuanzia mwaka 1910, na haikupata mamlaka yake ya kikanisa hadi mwaka 1950. Usipopata kitu hapa mjini, uliza Moshi.

Msomaji wa Nyaraka, Dar es Salaam

Naongeza kwamba majalada ya serikali ya Kijerumani yamo Nyaraka za Taifa hapa Dar es Salaam, ingawa mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani unaohitaji msomaji aliyeuzoea. Mwulize shangazi reli ilikuwa imefika wapi babu yake alipokuja: ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Wazee husahau mwaka lakini hukumbuka stesheni. Tena Goa ilikuwa koloni la Ureno, kwa hiyo usimtafute miongoni mwa raia wa Uingereza peke yao.

Fundi Seremala, Makorora

Kuhusu randa, tahadhari. Uso wa mbele ndipo watengenezaji walipogonga alama yao, na wenye chombo nao waligonga hapo hapo, kila mmoja kwa zamu yake. Mulika tochi kwa ubavu, ukiona herufi nyingine zilizofifia chini ya J.F., ujue chombo kilipita mikono zaidi ya mmoja.

Mjukuu wa Ngamiani

Nashukuru sana. Shangazi ameniambia sasa hivi kwamba harusi ilifungwa Magila, si mjini.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

Hilo linabadili njia, mwanangu. Magila ilikuwa misheni ya Waanglikana wa UMCA, yaani Universities' Mission to Central Africa, na kwa kanuni ile ile ya mwaka 1908 Kanisa Katoliki halikuitambua ndoa ya Mkatoliki iliyofungwa kwao, kwa hiyo usitegemee taarifa yake kufika Goa. Anza na kitabu cha ndoa cha Magila, uone bwana harusi aliandikwa jina gani na baba yake ni nani. Baada ya hapo ndipo utafute ubatizo wa watoto pande zote mbili, kwa kuwa huenda baba aliwapeleka kwa mapadri wake Wakatoliki na mama akawapeleka kwa Waanglikana.