Ugatuzi huu umetosha, ama twende majimbo kamili?

MtotoWaKayole: Mvua ikinyesha Nairobi tunaogelea. Ukiuliza kaunti, unaambiwa barabara hiyo ni ya serikali kuu. Ukiuliza serikali kuu, unaambiwa mitaro ni ya kaunti. Tangu ugatuzi uanze 2013 tuna magavana 47 na bado hatujui tumlaumu nani. Ama twende majimbo kamili kama Marekani, kila jimbo lijipange, ama kila kitu kirudi Harambee House, ofisini kwa Rais, tujue moja.

Hesabu_Kali: Shida ni pesa. Ibara ya 203 ya Katiba inasema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na watu hudhani ni ya mapato ya mwaka huu. La, ni ya hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na hizo huchelewa. Halafu Ibara ya 209: kodi ya mapato, VAT, forodha, zote za serikali kuu. Kaunti inabaki na kodi ya ardhi, kodi ya burudani na ada kama za maegesho. Majimbo ya Marekani hutoza kodi ya mapato yakitaka. California inatoza, Texas haitozi. Gavana wetu anangoja Hazina kama mwanafunzi wa bweni anayengoja pesa za matumizi.

JogooLaZamani: Majimbo si mapya. Chama cha KADU kiliyapigania yakaingia katiba ya 1963. Desemba 1964 tukiwa jamhuri yalishazimwa, na Seneti ikafutwa 1966. Yalikuwa majimbo saba, na Nairobi haikuwa mojawapo, iliwekwa kando kama eneo lake. Na tukiwa hapo, nyinyi wa Nairobi mnalilia mitaro lakini kura mnaenda kupiga ushago. Gavana awaogope kwa lipi?

MamaUmoja: Wewe Jogoo usinichokoze asubuhi. Nimelipa kodi ya nyumba hapa miaka yote, watoto wangu wamezaliwa hapa. Kadi yangu ni ya Busia kwa sababu boma langu liko Busia. Hilo linahusianaje na mtaro kuziba?

JogooLaZamani: Linahusiana sana, mama. Unamchagulia Busia gavana, halafu unataka wa Nairobi akuzibulie mtaro.

KijanaBuru: 😂😂 Amekunyonga.

Hesabu_Kali: Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 Nairobi. Waliojiandikisha kupiga kura hapa 2022 ni kama milioni 2.4. Wengine wako wapi?

MamaUmoja: Wengine wako nasari! Umetoa watoto kwenye hiyo hesabu yako kali?

Hesabu_Kali: Hata ukitoa watoto, wapo wengi kama wewe.

WakiliMtaani: Mwacheni mama. Na Marekani msiisifu sana. 1984 Congress, bunge lao, ilitaka pombe isiuziwe mtu wa chini ya miaka 21. Haikuyaamuru majimbo moja kwa moja. Ilisema tu jimbo litakalokataa litakatwa sehemu ya pesa za barabara kuu. Dakota Kusini ikaenda mahakamani, ikashindwa 1987. Kwa hivyo hata jimbo kamili hubembelezwa kwa mfuko. Hapa kwetu Ibara ya 6 inasema ngazi mbili za serikali ni tofauti na zinategemeana, na ni hapo kwa "zinategemeana" tunapopigana kila siku.

KijanaBuru: Mnasahau 2020. Sonko, gavana wa Nairobi wakati huo, alitia sahihi mkataba Februari, afya, uchukuzi, mipango na ujenzi vikaenda serikali kuu, kwa NMS, shirika la huduma za Nairobi chini ya Jenerali Badi. Visima vilichimbwa mitaani tukaviona. Nani alilia ugatuzi siku hiyo?

WakiliMtaani: Nililia mimi. Ibara ya 187 inaruhusu kuhamisha kazi, sawa, lakini Badi hukumpigia kura, na hukuwa na njia ya kumtoa.

KijanaBuru: Na niliyempigia kura nilimtoa? Si ni MCA, wawakilishi wa wadi, waliopiga kura ya kumng'oa Desemba?

MamaUmoja: Bado sijamaliza na Jogoo. Nyinyi wanaume mnaokaa hapa mkisema "kwetu ni Murang'a", kadi zenu ziko wapi? Na sensa ya 2019, si kuna watu waliabiri matatu kwenda kuhesabiwa nyumbani ili kwao pesa ziongezeke?

JogooLaZamani: Yangu iko Makadara tangu nikiwa kijana. Tena uliza mwingine.

MtotoWaKayole: Jamani, swali langu lilikuwa majimbo...

JogooLaZamani: Ukiweka majimbo kamili, mama Umoja anakuwa raia wa jimbo gani? Busia anakopiga kura ama huku anakolipa kodi? Jibu hilo kwanza.

Hesabu_Kali: Marekani ukihama unajiandikisha upya unakohamia. Hakuna cha boma.

MamaUmoja: Hao wanazikwa popote. Sisi hatuko hivyo. Haya, nikitaka kuihamisha hiyo kadi, ni pesa ngapi?

WakiliMtaani: Bure. Nenda na kitambulisho ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unalohamia.

MamaUmoja: Na nikiihamisha, bado nitazikwa Busia?

WakiliMtaani: Utazikwa utakako. Ila makaburi ni kazi ya kaunti, Jedwali la Nne la Katiba, na Lang'ata palijaa zamani. Chagua gavana ukijua hivyo.