Naomba ushauri: nataka kuchukua punda wawili wa mwituni, niko Arizona

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Lamu, punda nimekua nao, lakini sasa naishi Arizona na huku mambo ni mengine. Punda wa jangwani hapa wanalindwa na sheria ya mwaka 1971. Wakizidi malisho na maji yaliyopo, BLM, idara ya serikali inayosimamia ardhi ya umma, huwakusanya na kuwatafutia watu wa kuwafuga. Punda ambaye hajafunzwa, ada yake huanzia dola 125.

Masharti nimeyasoma: zizi la futi za mraba 400 kwa kila mnyama, uzio wa futi 4 na nusu, waya wa miba marufuku. Hati ya umiliki unapewa baada ya mwaka, wakiridhika kwamba unamtunza. Hayo nayamudu.

Kinachonitia hofu ni mnyama mwenyewe. Punda wa kwetu kazaliwa mlangoni, kelele za watoto kazizoea. Huyu mkono wa mtu anaujua kwa kupigwa chapa shingoni tu! Kwato nitamkataje? Nianze kumlisha mkononi, au nimwache kwanza anizoee kwa mbali? Na mke wangu anauliza (swali la haki): majike wawili, au jike na dume aliyehasiwa?

Aliyewahi kufuga wa namna hii anieleze miezi ya mwanzo ilikuwaje. Na kama uko huku na una eneo, sema, wanaosubiri mazizini ni wengi.