Nataka kujiunga na jeshi: mliotumikia, nielezeni mazuri na machungu yake

Mtafuta Njia
Shikamooni wakubwa. Nina miaka 19, nimemaliza shule na nafasi za jeshi zimetangazwa. Baba ananihimiza niende, mshahara ni wa uhakika. Mama nikigusia tu jambo hili anainuka na kuondoka. Walio kazini nikiwauliza wananijibu kwa mkato, "Ukiingia utajua." Mimi nataka kujua kabla sijaingia. Mazoezi siyaogopi, nakimbia kila asubuhi. Nataka kumsikia mtu aliyekaa miaka mingi: alitoka na nini, na kilichobaki huko ni nini?

Mpiga Mzinga Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Nimetumikia mizinga mpaka nikastaafu na cheo cha sajini, kwa hiyo nakwambia ya upande wangu.

Hayo mazoezi ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Depo inapita. Utakimbizwa, utanyimwa usingizi, utapiga kwata mpaka nyayo ziote sugu, kisha utavaa sare na maumivu utayasahau. Maisha yenyewe yanaanza baada ya hapo, na yanaamuliwa na swali ambalo vijana hawaliulizi: utapangiwa kazi gani? Askari wa miguu, mpiga mzinga, fundi wa magari, mtu wa mawasiliano, tabibu, wote wanasimama kwenye gwaride moja. Wakutane baada ya miaka 20 uone walivyotofautiana.

Mimi masikio yangu yanalia usiku na mchana, mlio mwembamba usiokatika, na wajukuu wakizungumza wote kwa pamoja siambulii neno. Wataalamu wa usikivu huweka ukomo wa mshindo wa ghafla kwenye desibeli 140. Bunduki ya askari inavuka hapo, na mzinga unavuka mbali zaidi. Vizibo tulivaa, lakini mshindo mkubwa namna ile hupenya hata kwenye mifupa ya kichwa. Marekani, ambako wastaafu wao huandikishwa madhara yao moja moja, mlio wa masikioni ndio unaoongoza kati ya yote wanayolipwa fidia. Wenzangu wa miguu walilipa kwa magoti na migongo: shanta, silaha, risasi, maji na fulana ya kuzuia risasi vikijumlishwa vinapita kilo 30, na huo mzigo unatembea nao. Fundi wetu wa magari naye alilala sana matopeni chini ya malori, lakini alipostaafu alifungua karakana na wateja wakamfuata. Mimi ujuzi wangu wa mzinga hakuna raia anayeuhitaji.

Sasa nikwambie lililonifanya nibaki. Nikiwa bado kijana kabisa nilikabidhiwa mzinga na watu wake. Namba za shabaha zikiingia, mmoja anazisoma, mwingine anazirudia kwa sauti, mimi nahakiki kwa macho yangu, ndipo natoa amri ya kupiga. Tarakimu moja ikikosewa, kombora linaweza kuwaangukia wenzetu walio mbele. Na watu wale waliniamini, wakalala usingizi wakijua niko macho. Sijapata kuaminiwa hivyo tena mahali popote, na nimefanya kazi nyingine nzuri tu baada ya pale.

Mke wa Koplo
Mdogo wangu, Mzee amesema ya kambini, mimi niseme ya nyumbani. Mume akiwa mbali, nyumba inajifunza kwenda bila yeye. Watoto wanazoea kuniuliza mimi kila kitu, paa likivuja natafuta fundi mimi. Akirudi, anakuta nafasi yake imejaa, na inachukua muda mrefu mpaka ipatikane tena. Hilo linauma kuliko simu zisizoshika, ingawa nazo zinauma: anasema "niko salama" nami nasikiliza sauti zilizo nyuma yake.

Siku ya kwanza utajaza fomu ya mtu wa kupewa taarifa ukipatwa na jambo. Ukioa, ibadilishe wiki hiyohiyo. Nimemwona mjane akihangaika ofisi hadi ofisi kwa sababu jina lililoandikwa lilikuwa la zamani.

Mtafuta Njia
Asanteni sana. Mzee, naomba niulize mawili. Misheni za kulinda amani zina malipo kama watu wanavyosema? Na nikipewa amri ambayo naona ni uovu?

Mpiga Mzinga Mstaafu
La malipo: Umoja wa Mataifa haumlipi askari wa kikosi mkononi. Unairudishia serikali yake kiasi fulani kwa kila askari kila mwezi (kuanzia Julai 2018 kilikuwa dola 1,428), kisha serikali ndiyo inayoamua wewe upate ngapi. Kwa hiyo uliza kanuni za nchi yako, usisikilize stori za mabwenini. Na usidhani ni matembezi. Tangu misheni ya kwanza mwaka 1948, zaidi ya walinda amani 4,000 wamefariki wakiwa kazini.

La amri: utafundishwa kutii haraka, na ni lazima, maana kwenye hatari hakuna nafasi ya mjadala. Lakini kumpiga mateka, kumdhuru raia, kumwacha majeruhi wa adui afe, hayo yamekatazwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Mahakama ya Nuremberg iliwahukumu watu waliojitetea kwamba walitumwa, na utetezi huo haukuwafutia hatia. Mkufunzi akifika kwenye somo hilo usisinzie. Siku utakayolihitaji hutakuwa na muda wa kufungua daftari.

Tabibu wa Kikosi
Naongeza la kichwani, maana wanaume hulipita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari waliotetemeka na kukosa usingizi walidhaniwa waoga. Ilifika 1980 ndipo msongo unaofuata kiwewe ukaandikwa rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Unatibika. Ninaowaona wakiumia zaidi ni wale wanaoficha kwa kuogopa kukosa cheo, wakajitibu kwa pombe.

Mzee, hayo masikio uliyapima ulipoanza kazi?

Mpiga Mzinga Mstaafu
Wakati wetu hatukupimwa, dokta, ndiyo maana fidia ilinichukua miaka: sikuwa na karatasi ya kuonyesha nilivyokuwa nikisikia kabla. Kijana, uliza kwenye usaili kama una nafasi ya kuchagua fani, na kama cheti chake kinatambulika uraiani. Ukichukuliwa, omba upimwe usikivu kabla hujafyatua risasi ya kwanza, na nakala mpe mama yako akutunzie.